Kinasaba Hakitaji Jina: Uhakiki wa Hoja za Kupima Masalia ya Wafalme

Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kukuta katika jarida la Idara ya Kiswahili makala inayozungumzia mifupa, damu iliyokauka na maabara. Tunawaomba watuvumilie. Habari za kupima vinasaba ili kutambua masalia ya wafalme hutufikia kwa njia ya lugha, na aghalabu hutufikia kwa njia ya tafsiri. Katika darasa letu la tafsiri tumeona mara nyingi sentensi ya namna hii: "Vipimo vya vinasaba vimethibitisha kuwa kichwa hicho ni cha mfalme." Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa na msamiati umekaa mahali pake. Hata hivyo, tukiihakiki kwa makini tutaona kuwa inadai jambo ambalo hakuna maabara yoyote duniani inayoweza kulisema peke yake.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kuwa kipimo cha vinasaba hakitaji jina la mtu. Kipimo hulinganisha kitu kimoja na kingine, kisha kinasema vinafanana au havifanani. Jina la mfalme hutoka kwingine: katika maandishi, katika masimulizi, au katika lebo iliyobandikwa na aliyekusanya. Kwa hiyo swali la kwanza la mhakiki lisiwe "Je, kimepimwa?" bali liwe "Kimelinganishwa na nini?" Tutalijadili jambo hili kwa mifano michache ya Ulaya, ambako upimaji huu ulianzia, kisha tutaangalia mafuvu yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki, kwani huko ndiko suala hili linakotugusa sisi wenyewe.

Neno lenyewe

Tuanze na istilahi. Neno kinasaba limeundwa kwa kiambishi ki- na neno nasaba. Nasaba ni mlolongo wa vizazi: fulani bin fulani bin fulani. Nasaba husemwa, huandikwa, huimbwa katika sifo, na wakati mwingine hubuniwa ili kumpa mtawala heshima asiyostahili. Kinasaba, kwa upande wake, hurithiwa tu. Hakisomi wala hakisikilizi. Mtu anaweza kuitwa mwana wa fulani maisha yake yote, akarithi kiti na ngoma, na vinasaba vyake vikawa vya ukoo mwingine kabisa.

Kwa bahati nzuri Kiswahili kina maneno ya kutusaidia kueleza njia mbili zinazotumiwa sana katika vipimo hivi. Kromosomu Y hupita kuumeni: baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake. Vinasaba vya mitokondria hupita kukeni: mama huwapa watoto wake wote, lakini ni mabinti tu wanaoviendeleza. Njia zote mbili hazimtambulishi mtu mmoja. Ndugu wanne wa kiume, waliozaliwa kwa baba mmoja na mama mmoja, kwa kawaida watafanana katika njia zote mbili. Anayesema kipimo cha kukeni "kimemtambua" mmoja wa ndugu hao amesema zaidi ya alichopewa.

Kichwa na kibuyu

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Ufaransa. Mfalme Henri IV aliuawa mwaka 1610 akazikwa katika kanisa la Saint-Denis. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi, makaburi ya wafalme katika kanisa hilo yalifukuliwa. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1919, kichwa kilichokaushwa kilinunuliwa mnadani, na mnunuzi akaamini kuwa ni cha Henri IV. Kilikaa katika mikono ya watu binafsi hadi mwaka 2010, ambapo timu ya watafiti ilitangaza kuwa imekitambua. Hoja zao zilikuwa za umbo na umri: alama karibu na pua, tundu la hereni sikioni, dalili ya jeraha la zamani usoni linalooana na jaribio la kumuua mfalme la mwaka 1594, pamoja na umri uliokadiriwa kwa kaboni. Wakati huo hakukuwa na matokeo ya vinasaba. Baadhi ya wanahistoria walitia shaka. Walikumbusha kuwa desturi ya kuhifadhi maiti za wafalme wa Ufaransa ilikuwa kulifungua fuvu na kutoa ubongo, ilhali kichwa hiki hakikuwa kimefunguliwa.

Sambamba na kichwa hicho kulikuwa na kibuyu. Familia moja nchini Italia ilihifadhi kibuyu kilichochorwa nakshi kwa moto, chenye maandishi yanayosema kuwa mtu mmoja alichovya leso yake katika damu ya Louis XVI siku mfalme huyo alipokatwa kichwa, yaani tarehe 21 Januari 1793. Leso haikuwamo tena, lakini ndani ya kibuyu kulibaki damu iliyokauka, na damu hiyo ilitoa kromosomu Y ya aina isiyokuwa ya kawaida Ulaya.

Henri IV na Louis XVI wametenganishwa na vizazi saba kwa upande wa kuumeni. Mwishoni mwa mwaka 2012 watafiti walitangaza kuwa alama chache walizofanikiwa kuzipata katika kichwa zinalingana na zile za damu ya kibuyu. Magazeti yakashangilia: kichwa ni cha babu, damu ni ya mjukuu, na kila kimoja kinamthibitisha mwenzake.

Hapa tunawaomba wanafunzi wetu wasimame kidogo na kuitazama hoja hiyo kama wanavyotazama hoja yoyote nyingine. Kichwa hakikuwa na uhakika. Damu haikuwa na uhakika. Kila kimoja kililetwa kuwa shahidi wa mwenzake. Ni kama mahakamani washtakiwa wawili wadhaminiane, na hakimu aridhike kwa kuwa maneno yao yanafanana. Isitoshe, alama zenyewe zilikuwa chache, na alama chache zinaweza kufanana hata kwa watu wasiokuwa na ukoo wa karibu.

Mwaka 2013 timu nyingine ilifanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Ilipima wanaume watatu walio hai, wa matawi tofauti ya ukoo wa Bourbon, ambao babu yao wa pamoja ni Louis XIII, mwana wa Henri IV. Kromosomu zao zilipatana wao kwa wao, lakini hazikupatana na damu ya kibuyu wala na kichwa. Mwaka 2014 baadhi ya watafiti waliokuwa wameipima damu ile tangu mwanzo walichapisha uchunguzi mpana zaidi wa vinasaba vyake. Mwenye damu hiyo huenda alikuwa na macho ya kahawia, na asili yake haikuoana na nasaba ya Louis XVI, ambaye picha na maandishi ya wakati wake vinamwonyesha akiwa na macho ya buluu. Tunawapongeza kwa uungwana huo wa kitaaluma, maana si kila msomi hukubali kuirudia kazi yake na kuipinga.

Tunajifunza nini? Kwanza, maandishi ya kwenye kibuyu yalikuwa matini, na matini huhakikiwa. Ni nani aliyeandika, lini, kwa faida ya nani? Damu ya mfalme aliyeuawa ilikuwa na soko. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Pili, sayansi ndiyo iliyokosoa sayansi, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu safari ya pili ilipata mizani ya kweli, yaani watu walio hai ambao nasaba yao inajulikana.

Moyo wa mtoto

Mfano wa pili pia ni wa Ufaransa, lakini hatima yake ni tofauti. Tarehe 8 Juni 1795 mtoto wa miaka kumi alifariki katika gereza la Temple mjini Paris. Serikali ilisema ni mwana wa Louis XVI na Marie-Antoinette, yule ambaye wafuasi wa ufalme walimwita Louis XVII. Uvumi ukaenea kuwa mtoto alitoroshwa na mwingine akawekwa mahali pake, na baadaye wakajitokeza watu wengi waliodai kuwa ndio yeye. Daktari aliyeupasua mwili wa marehemu, Philippe-Jean Pelletan, aliuchukua moyo kwa siri. Moyo huo ulipita mikono mingi hadi mwaka 2000, ulipopimwa vinasaba vya kukeni katika maabara mbili, moja Ubelgiji na nyingine Ujerumani. Matokeo yalilinganishwa na nywele za Marie-Antoinette na za dada zake, pamoja na jamaa walio hai wa upande wa kukeni. Yalilingana.

Mizani ilikuwa nzuri kuliko ya kichwa na kibuyu. Hata hivyo, kipimo kilisema nini hasa? Kilisema kuwa moyo huo unalingana na ule wa mtu wa ukoo wa kukeni wa Marie-Antoinette. Wapinzani walitoa hoja ya haki kabisa: malkia huyo alikuwa na mwana mwingine mkubwa, aliyefariki mwaka 1789, na moyo wake pia ulitolewa na kuhifadhiwa. Vinasaba vya kukeni haviwezi kuwatofautisha ndugu hao wawili. Aliyewatofautisha ni mwanahistoria, kwa kufuatilia barua, ushuhuda na namna kila moyo ulivyohifadhiwa. Tarehe 8 Juni 2004 moyo huo uliwekwa Saint-Denis. Sisi tunaona uamuzi huo ulikuwa na msingi, lakini msingi wenyewe ni wa mafiga matatu: maabara, makavazi na mantiki. Ukiondoa figa moja, chungu kinaanguka.

Mfalme aliyekutwa chini ya maegesho

Mwaka 2012 mifupa ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari katika mji wa Leicester, Uingereza, mahali palipokuwa na nyumba ya watawa. Ilidhaniwa kuwa ni ya Richard III, aliyeuawa vitani mwaka 1485. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda, fuvu lilikuwa na majeraha ya vita, na umri wa mifupa ulioana na zama zake. Vinasaba vya kukeni vililingana na vya jamaa wawili walio hai. Katika ripoti ya mwaka 2014 watafiti walikokotoa ushahidi wote kwa pamoja, wa vinasaba na usiokuwa wa vinasaba, wakasema uwezekano kuwa ni Richard III ni zaidi ya asilimia 99.99.

Lakini ripoti hiyohiyo ilikuwa na jambo lililowakosesha wengi usingizi. Wanaume watano walio hai ambao, kwa mujibu wa nasaba iliyoandikwa, wanatoka katika ukoo mmoja na Richard kuumeni, hawakulingana naye. Maana yake ni kwamba mahali fulani katika vizazi hivyo, angalau mara moja, baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa. Nasaba na kinasaba viliachana njia.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu watafiti hawakuficha tofauti hiyo. Kama wangekuwa na njia ya kuumeni peke yake, wangeikataa mifupa ya kweli. Kutolingana nako kunahitaji kuhakikiwa, sawasawa na kulingana.

Kalenga, Berlin na sisi

Sasa turudi nyumbani. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Halikukabidhiwa. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu mengi, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Yalichaguliwa yale ambayo vipimo vya umbo vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa walio hai, na kati ya hayo likachukuliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga, karibu na Iringa, ambako limehifadhiwa.

Je, ndilo? Vipimo vya umbo la kichwa ni mizani dhaifu, maana watu wengi wasiokuwa na ukoo mmoja hufanana vichwa. Tundu la risasi ni dalili yenye nguvu zaidi, lakini si Mkwawa peke yake aliyepigwa risasi katika zama zile. Mhakiki hana budi kusema kuwa utambuzi wa mwaka 1954 ulikuwa wa kukisia kwa sababu nzuri. Hata hivyo, hatuungi mkono wanaotaka fuvu hilo litobolewe kesho ili wao wapate kuridhika. Limepokelewa, limeheshimiwa na limekuwa sehemu ya historia ya watu kwa miaka mingi. Uamuzi wa kupima au kutopima ni wa ukoo na wa Wahehe. Wajibu wa mwandishi ni mdogo zaidi: asiandike "limethibitishwa" mahali ambapo panapaswa kuandikwa "lilikubaliwa".

Mfano wa karibu yetu zaidi kwa wakati ni wa Berlin. Mwaka 2017 watafiti wa makumbusho ya huko walianza kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Mafuvu 904 yalihusishwa na maeneo ya Rwanda ya leo, 202 na Tanzania, na 22 na Kenya. Baadhi ya mafuvu ya Uchagani yalikuwa na maelezo ya kutosha kuwatafuta jamaa. Familia zilizokuwa zikimtafuta Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, zilitoa sampuli. Mafuvu matatu yalipata jamaa walio hai. Moja lilihusishwa na mshauri wa Mangi Meli, ambaye kumbukumbu zilimtaja kwa jina la Akida. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikupatikana.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Kati ya mafuvu zaidi ya elfu moja, yaliyopata jamaa zao ni matatu. Mashine za Berlin hazikuwa duni kuliko zile za Leicester. Kilichokosekana ni jina. Wafalme wa Ufaransa na Uingereza wana nasaba iliyoandikwa kwa karne nyingi, na jamaa zao wanajulikana wanakoishi. Mtu aliyechukuliwa kaburini huku kwetu akawekwa ndani ya sanduku na kupewa namba hana mizani ya kulinganishwa naye. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba masalia yatarudishwa mara tu vinasaba vitakapothibitisha, tunapaswa kuuliza: vitathibitisha kwa kulinganisha na nini? Sharti la namna hiyo, linapowekwa na aliyechukua na akashindwa kuandika jina, linamwadhibu aliyenyang'anywa.

Upande wa pili wa hesabu hiyo una faraja. Yale matatu yalihusishwa na koo zao kwa sababu kulikuwa na familia zilizokumbuka. Wazee waliwaambia wana, na wana wakawaambia wajukuu, nani alinyongwa, alikuwa mwana wa nani, na nani amebaki katika ukoo. Bila masimulizi hayo hakungekuwa na mtu wa kutoa sampuli. Fasihi simulizi, ambayo baadhi ya wanafunzi wetu huiona kuwa somo la kupitia ili kupata alama, ndiyo iliyofungua mlango wa maabara.

Pamoja na hayo, vipimo vina gharama nyingine ambayo magazeti huipita haraka: hula kile kinachopimwa. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipoirudishia familia ya Patrice Lumumba jino linaloaminika kuwa lake, vinasaba havikuwa vimepimwa kwa kuwa kipimo kingeliharibu. Lumumba hakuwa mfalme, lakini suala ni lilelile. Familia ilipewa jino zima lenye ushahidi wa namna lilivyopatikana, na taifa likazika.

Tufundishe nini darasani?

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuwazoeze wanafunzi kuchagua kitenzi. Kuthibitisha kumebebeshwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili cha habari. Maabara mara nyingi hukanusha, na hapo kauli yake ina nguvu, ingawa mfano wa Leicester unatuonya tuangalie nasaba yenyewe kwanza. Mara nyingine huonyesha kulingana tu. Kubainisha mtu kwa jina ni kazi ya ushahidi wote kwa pamoja. "Vinasaba vinalingana na vya jamaa za mfalme kwa upande wa kukeni" ni sentensi ndefu kuliko "vimethibitisha", lakini ni ya kweli.

Pili, tuhusishe jambo hili na somo la uhakiki. Uhakiki na uhakika vina mzizi mmoja. Wanaofundisha miswada ya kale wanajua kuwa nakala mbili zenye kosa moja hazithibitishi kwamba kosa hilo ni sahihi. Huenda zote zilinakiliwa mahali pamoja. Kichwa na kibuyu vingefaa kabisa kuwa zoezi la kwanza la muhula.

Tatu, na hili ndilo tunaloliona kuwa la haraka, wanafunzi wanaokwenda kukusanya fasihi simulizi wasirudi na hadithi na methali peke yake. Wakusanye nasaba: majina ya babu na bibi, kuumeni na kukeni, mahali walipozikwa, na nani alichukuliwa asirudi. Waandike jina la msimulizi na tarehe, kwa ridhaa yake. Upande wa kukeni mara nyingi husahaulika kwa kuwa haurithi kiti, na kumbe mifano tuliyoiona inaonyesha kuwa ndio ulioitambulisha mifupa ya Leicester na moyo wa Paris.

Hitimisho

Hatupingi upimaji wa vinasaba. Umewaumbua wadanganyifu waliojivika majina ya wafalme, na umewarudishia baadhi ya watu wazee wao. Tunachopinga ni kuugeuza kuwa hakimu pekee, na kuiacha lugha ya hukumu itumike mahali pa lugha ya ulinganishi. Katika masanduku ya Berlin bado kuna mamia ya watu, wengi wao wa Rwanda, wanaosubiri kuitwa majina yao. Maabara itafanya kazi yake itakapoitwa. Majina, hata hivyo, yako kwa wazee wetu, na wazee hawatatungoja.